Ubavu

Mavuno kumi na nane ya zabibu, hapa Mpunguzi,
kreti juu ya nyonga ya kushoto,
kwa sababu mkono wa kulia ndio wenye mkasi
na mkasi haupendi kuhamishwa.
Ndivyo nilivyopinda. Si ghafla.
Kama mlango unavyoshuka kwenye bawaba
hadi siku unapokwaruza sakafu
na mtu anauliza: tangu lini?

Ndahani, kijana wa tiba ya viungo,
alinisimamisha mbele ya ukuta wenye mistari,
akabonyeza hapa, kati ya mbavu na kiuno.
"Mama Nyemo, huku kumelala.
Hii ni misuli ya mshazari,
imesukwa toka mbavuni kwenda nyongani
kama kamba za kitanda."
Nikacheka. Kitanda cha kamba nakijua:
upande mmoja ukilegea,
kila usiku unaviringikia shimo lilelile.

Akanichorea watu wanne wa vijiti
nyuma ya karatasi ya miadi.
Hakuna chuma, alisema, hakuna ada.
Uzito ni wewe mwenyewe.
Chagua mmoja, ukae naye.

Wa kwanza amelala chali, anaendesha baiskeli hewani,
kiwiko cha kulia kikitafuta goti la kushoto.
Siku mbili. Shingo ndiyo iliyofanya kazi;
tumbo lilitazama tu,
kama karani wa ushirika siku ya kupakia lori.

Wa pili ameketi, miguu juu,
anajigeuza huku na huku
kama mtu anayepokea sahani na kuzipitisha.
Kiuno kikanichoma kama mwiba wa mgunga.
Ndahani alikuwa amesema:
kutetemeka ni kazi, kuchomwa ni onyo.
Nikamfuta kwa mkaa.

Wa tatu, miguu yake inalala kulia, inalala kushoto,
waipa za gari kwenye mvua.
Nilimpenda. Lakini chumba changu ni chembamba:
nililipiga teke debe la unga wa uwele,
na jioni ile tulikula mlenda na mchanga.

Wa nne hafanyi lolote.
Amelala ubavu, kiwiko chini ya bega,
anainua nyonga, ananyooka kama ubao.
Basi.
Huyu mvivu, nikasema, nikamwiga.
Kabla ya pumzi ya sita
mkeka wote ulikuwa unatetemeka.

Nikabaki naye.

Alfajiri, vumbi kabla halijaamka,
naanza na kushoto, upande ulio nyuma
(mwenye njaa hupakuliwa kwanza).
Wiki za mwanzo magoti yalikuwa chini, yamekunjwa;
sasa ni nyayo tu, moja juu ya nyingine.
Sihesabu sekunde. Nahesabu mizabibu,
mstari wa kwanza kutoka barabarani, pumzi kwa shina:
ule ulioegemea nguzo,
ule wenye kovu la panga,
ule wa tano, marehemu aliufunga kwa kamba ya kiatu chake
na kamba bado ipo.
Nilianza nikiangukia wa sita.
Leo nimefika wa kumi na tisa, uliokufa kwa mchwa,
na hapo ndipo naanguka kila siku,
sijui ni mwili au ni mzabibu.

Kutoka chini kule nimeona mengi:
kitufe cha gauni la Nyemo akiwa darasa la pili,
nge mmoja, tukapishana kwa heshima.

Jana msimamizi kapita shambani.
Mwaka huu kreti zitakuwa nyingi, anasema,
una ubavu?
Miaka yote nilimjibu kwa kushusha macho.
Ninao miwili, nikamwambia,
mmoja bado unajifunza.

Akaondoka. Nikaihamishia kreti nyonga ya kulia,
mkasi nikaushika kwa kushoto,
nikakilenga kikonyo,
nikakata jani.